Hili Halikuulizwa

Leeds, 6 Juni

Bi. Nasreen Qadir,

Jina lako nimelipata kwenye orodha ya mawakili wanaokubaliwa na benki yangu. Orodha yenyewe ni ndefu kama kitabu cha simu cha zamani, na kabla yako nilizipigia simu ofisi kadhaa. Kote niliitikiwa na mashine. Kwako uliitika wewe mwenyewe, mdomo umejaa biskuti, ukaomba radhi. Nikasema moyoni, huyu ndiye.

Nakuandikia barua kwa sababu ile fomu yenu ya kompyuta haina nafasi ya kuandika ninayotaka kusema. Nyumba ninayonunua ni namba tisa, Mtaa wa Salem, mjini Cragden. Mwenyewe ni mjane, Bi. Enid Stansfield. Anahamia kwa binti yake na anataka awe ameondoka kabla ya baridi. Mimi kazi yangu ni kupima watu macho kwa ajili ya miwani. Nina miaka arobaini na sita, nimeachika, sina mtoto, na ndugu niliyebakiwa naye duniani ni mmoja: Mjomba Aldous Sugden, kaka wa marehemu mama.

Sasa tatizo ni hili. Mjomba naye ni wakili, wa kazi hii hii ya nyumba, hapo hapo Cragden. Hati zote za ukoo wetu zimepita mezani kwake. Nilipomtajia kijana wa benki jina la ofisi ya mjomba, Sugden na Horsfall, alibonyeza, akabonyeza, akasema, "Haimo, dada. Ilikuwemo, ikatolewa." Benki yao inataka ofisi yenye washirika wawili au zaidi, na pale kuna mmoja tu. Ni kweli. Mzee Horsfall alishafariki, ila jina lake bado liko kwenye kibao cha shaba mlangoni kwa sababu mjomba hana moyo wa kulifuta. Kijana akasema nikimng'ang'ania mjomba, benki itaajiri wakili wake tofauti, nami nikae nisubiri wawili hao waandikiane mpaka majira yageuke. Bi. Stansfield hawezi kusubiri hivyo.

Ndiyo maana nimekuja kwako, na mjomba sijamwambia. Mtu aliyekufundisha kusoma hati ukiwa mtoto, utaanzaje kumwambia kwamba benki imemfuta? Nitamwambia siku ya kupokea funguo, nikiwa nimesimama mlangoni tayari.

Na kama utajiuliza kwa nini nyumba hii, yenye ngazi nyembamba na jiko la kizamani, sababu ni moja. Ukisimama kwenye chumba cha nyuma unaliona dirisha la mjomba, juu ya ofisi yake anapoishi, na taa yake ya mezani yenye kofia ya kijani. Ana miaka sabini na nane na masikio yameanza kumtupa mkono. Nataka niwe karibu naye. Hilo tafadhali usiliandike popote.

Wako,
Hester Crabtree


Liverpool, 12 Juni

Bi. Crabtree,

Kuhusu: Namba 9, Mtaa wa Salem

Asante kwa maelekezo yako. Nimefungua faili. Biskuti ilikuwa ya tangawizi.

Dalali ametuma karatasi ya mauzo, ile inayotaja muuzaji, mnunuzi na mawakili wa kila upande. Wakili wa Bi. Stansfield ni Sugden na Horsfall wa Cragden. Muuzaji hahitaji wakili wa kwenye orodha ya benki yako. Huchagua amtakaye, na yeye amemchagua anayemjua. Karatasi hiyo hiyo mjomba wako ameipata siku niliyoipata mimi. Jina lako limo, na langu limo.

Naomba unielewe vizuri. Kuanzia sasa yeye ni wakili wa upande wa pili. Maadili ya kazi yetu hayamruhusu kukutamkia neno lolote la nyumba hii mpaka siku ya funguo. Yote lazima yapitie kwangu. Akinyamaza, usidhani amekataa kusema. Wewe, kwa upande wako, hukatazwi kumwambia jambo lolote lisilo la mkataba.

Haya yafuatayo si ushauri wa kisheria: ningekuwa wewe, ningemwandikia leo.

Wako katika kazi,
N. Qadir


Cragden, 20 Juni

Mwanangu Hester,

Hapa mvua imenyesha tangu Jumapili na paa la kanisa limeanza tena kuvuja juu ya kinanda, kwa hiyo ibada imekuwa nzuri kuliko kawaida. Nimepewa vifaa vipya vya masikio. Vinasikia vikombe vizuri sana. Watu bado wanavishinda. Simu ndiyo kabisa, nayaokota maneno mawili matatu na mengine nayabuni, kwa hiyo endelea kuniandikia.

Ofisini pametulia. Kile kiti cha Harold Horsfall bado nakisogeza asubuhi kipate jua, maana ndivyo alivyopenda. Nimebaki na faili moja tu mezani. Nalishughulikia polepole, kama mtoto anavyoila pipi ya mwisho.

Mwenye jengo ameniuliza kama nitaendelea kupanga baada ya Septemba, ofisi pamoja na vyumba vya juu. Na mteja wangu mmoja wa zamani ana nyumba ndogo isiyo na ngazi huko Filey, baharini, anasema atanipangisha nikiitaka. Sijaamua kitu.

Wewe unaendeleaje? Kuna jipya lolote?

Mjomba wako,
Aldous


Leeds, 27 Juni

Mjomba, shikamoo.

Huku hakuna jipya. Kazi ni ile ile. Jana alikuja mzee mmoja, akanisomea herufi zote ukutani bila kukosea, hata zile ndogo za chini. Nikamsifu. Akaniambia, "Binti, nazijua kwa kichwa, nimekuwa nikija hapa tangu kabla hujazaliwa." Ilibidi nibadilishe ubao, hapo ndipo tukaujua ukweli: macho yake hayaoni hata mlango.

Pole kwa mvua. Vifaa vya masikio mtu huvizoea, ila usivivue ukiwa na watu. Kuhusu mambo ya pango, utaona mwenyewe linalokufaa. Usinifikirie mimi, mimi niko sawa.

Mpwa wako,
Hester


Sugden na Horsfall, Mawakili
Cragden, 15 Julai

Kwa Bi. N. Qadir, Liverpool

Bibi,

Nimepokea maswali yako ya kabla ya mkataba kuhusu namba 9, Mtaa wa Salem. Kwanza nieleze rasmi kwamba mnunuzi ni mpwa wangu. Mteja wangu amejulishwa kwa maandishi, na hana pingamizi.

Umeuliza ukuta wa kushoto ni wa nani. Ni wa nyumba hii. Jirani anaamini ni wake, na mteja wangu amemwachia imani hiyo kwa miaka thelathini ili amani idumu. Mnunuzi ana haki ya kufanya vingine, lakini jirani ndiye mwenye koleo zuri la theluji.

Umeuliza kuhusu mfereji wa maji taka. Nakupongeza, mawakili wengi siku hizi hawaulizi. Unapita chini ya ua wa nyuma na haujawahi kuziba, isipokuwa mara moja, kwa sababu ya mdoli.

Umeuliza kuhusu mtambo wa maji ya moto. Unafanya kazi. Asubuhi za baridi hugonga mara kadhaa kabla ya kuwaka, na mtu anayeishi peke yake anaweza kudhani kuna mgeni mlangoni. Hakuna mgeni. Ni mtambo.

Ngazi ya tatu kutoka juu ni fupi kuliko nyingine. Mnunuzi alikuwa na tabia ya kupanda ngazi mbio alipokuwa mdogo. Hili halikuulizwa.

Chumba cha nyuma hupata jua la asubuhi. Hili pia halikuulizwa.

Wako katika kazi,
A. Sugden


Leeds, 22 Julai

Bi. Nasreen,

Nimepokea nakala ya majibu uliyonitumia. Niliyasoma wakati wa chakula cha mchana, nikalazimika kuwaambia wenzangu kwamba sandwichi ilikuwa na haradali kali.

Najua utaniuliza kama nimeshamwandikia. Nimemwandikia, lakini si hilo. Aliniuliza kama kuna jipya, nikamjibu hakuna, naye anajua lipo, nami najua anajua. Sisi ndivyo tulivyolelewa. Mama alipoumwa alikuwa akituambia "kichwa tu" mpaka wiki aliyokufa. Kwetu kumsumbua mtu ni dhambi kubwa kuliko kumdanganya.

Ninachoogopa ni kwamba amekasirika. Karatasi ile ilimfika ikionyesha kwamba mpwa wake pekee, mwenye wakili ndani ya ukoo, amekwenda Liverpool kutafuta mgeni. Hajui kama benki ndiyo iliyonifunga mikono. Nikimweleza, nitakuwa namwambia kwamba hatakiwi tena. Nisipomweleza, ataona mimi ndiye nisiyemtaka. Nimegeuza huku na huku, naona kote kunachoma.

Na sasa anazungumzia kuhamia Filey. Kwa nini aondoke mwaka huu, baada ya kukaa pale maisha yake yote? Ni mimi nimemfukuza.

Je, mtu anaweza kujitoa wakati huu?

Hester


Liverpool, 25 Julai

Bi. Hester,

Ndiyo. Mpaka tubadilishane mikataba iliyotiwa saini, upande wowote unaweza kujitoa. Sikushauri ujitoe. Nyumba ni nzuri, hati ni safi, na huyo mzee amenifungia majalada kwa uzi wa rangi ambao sijauona tangu chuoni.

Swali la kwa nini anaondoka liko nje ya faili langu. Anayelijua jibu ni mmoja, na anwani yake unayo. Kuuliza si ujinga.

N.


Cragden, 9 Agosti

Mwanangu Hester,

Nitaandika kwa kifupi kwa sababu nimejaribu kwa kirefu na kikapu cha taka kimejaa.

Mwenye jengo anataka jibu mwisho wa mwezi huu. Mwenye nyumba ya Filey naye vivyo hivyo. Filey sina nimjuaye, ila hapa pia wengi niliowajua nawatembelea makaburini. Ngazi zimekuwa ndefu. Kazi inaisha na hili faili moja. Kibao nitakishusha mwenyewe.

Kwa upande mwingine, mtu hapaswi kuhama haraka kama ipo sababu ya kubaki. Wakati mwingine sababu ipo na mtu mwenyewe haijui mpaka aambiwe. Kwa hiyo nakuuliza, kama ndugu: unaifahamu sababu yoyote ya mimi kubaki Cragden?

Nitasubiri barua yako kabla ya kuwajibu.

Mjomba wako,
Aldous


Leeds, 16 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Nadhani wewe ndiye unayejua vyema linalokufaa. Hewa ya bahari ni nzuri kwa kifua, na nyumba isiyo na ngazi si jambo dogo kwa umri wako. Nisingependa ubaki mahali kwa ajili ya mtu mwingine, halafu uje ujute.

Kama moyo wako uko Filey, nenda. Usinifikirie mimi.

Mpwa wako,
Hester


Liverpool, 4 Septemba

Bi. Hester,

Leo tumebadilishana mikataba. Kuanzia sasa hakuna anayeweza kurudi nyuma, wewe wala Bi. Stansfield. Funguo utazipata tarehe 29 kwa dalali.

Kazi hii hufanywa kwa simu. Mawakili wawili husomeana maneno yale yale, hutaja tarehe, basi, imekwisha. Kwa kawaida chai haipati hata muda wa kupoa. Leo mjomba wako alinitaka nirudie tarehe. Nikarudia. Akanitaka tena. Nikapaza sauti mpaka ofisi nzima ikageuka kuniangalia. Kisha akasema, "Nimeisikia tangu mara ya kwanza, binti. Ila hii ndiyo simu yangu ya mwisho ya kazi, nilitaka irefuke kidogo."

Halafu akaniuliza, "Siku hiyo ana mtu wa kumsaidia kubeba?"

Nikamwambia siruhusiwi kujibu hilo.

Akasema, "Vizuri sana. Hivyo ndivyo inavyotakiwa." Akaaga.

Nimeifanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kutamani kuvunja sheria kama leo. Uliniambia kwamba ulimwandikia aende. Hester, ningeweza kumwambia kwa sentensi moja ile sababu uliyoniomba nisiiandike popote, lakini sikuruhusiwa. Wewe unaweza. Umebakiwa na karibu mwezi mzima.

Nasreen


Cragden, 29 Septemba, mchana

Mwanangu Hester,

Fedha za benki yako zimeingia sasa hivi. Nyumba ni yako, faili limefungwa, na kwa mara ya kwanza tangu Juni nina ruhusa ya kusema. Bahati mbaya treni yangu nayo iko karibu, kwa hiyo nitaisukumia barua hii chini ya mlango wako na kwenda zangu stesheni.

Mambo ya benki nayajua. Waliniandikia Harold alipofariki, barua ya adabu kabisa, kwamba mtu mmoja hatoshi. Habari hiyo niliijua hata kabla hawajaniandikia. Kwa hiyo karatasi ya mauzo ilipofika na nikaona jina la Liverpool, sikukasirika hata kidogo. Ulifanya lililo sahihi. Orodha ni orodha.

Lakini nitakuambia kilichoniuma, maana kimeniuma. Nilitamani uniulize tu. Ungeniambia, "Mjomba, wewe huwezi, je, nimchague nani kati ya hawa?" Ningeshinda wiki nzima na orodha ile, nawapigia wote, nawatega kwa maswali ya mfereji. Na huenda tungeishia kwa huyo huyo Bi. Qadir. Ni hodari, mshikilie. Wewe ulichagua peke yako, na ukachagua vizuri, nami nikaona kwamba hata hilo dogo halinihitaji tena.

Enid Stansfield alinisema sana. "Kama ni mpwa wako kweli, Aldous, mbona hata chai hajaja kunywa?" Nikamwambia mpwa wangu ana shughuli. Akasema, "Wote wana shughuli. Mimi nahamia kwa mmoja wao." Nikacheka, lakini neno lilinibaki kifuani.

Kwa nini umenunua Cragden sijui. Nadhani ni kwa ajili ya milima, au treni ya kwenda kazini. Nilikuuliza mwezi Agosti kwa njia niliyoruhusiwa, nikasubiri, ukaniambia niende. Usijilaumu. Kijana hawezi kufungwa na mzee, na ulisema kwa upole.

Mlangoni nimekuachia mkate, chumvi na kipande cha makaa ya mawe, kama tulivyokuwa tukiwapelekea wateja wote siku ya funguo. Unakumbuka, wewe ndiye uliyekuwa ukibeba chumvi. Nilitaka nikuvushie vitu hivyo kizingiti mwenyewe, ndivyo desturi inavyotaka, lakini sikualikwa, na mlango si wangu.

Ngazi ya tatu kutoka juu. Usisahau.

Mjomba wako akupendaye,
Aldous


Namba 9, Mtaa wa Salem, 1 Oktoba

Mjomba,

Gari la vyombo lilichelewa njiani, na nilipofika treni yako ilikuwa imeshaondoka. Barua yako niliikanyaga kabla ya kuiona. Nimeisoma nimekaa sakafuni na koti langu, maana viti vilikuwa bado garini, na dereva alinipa muda.

Sasa nitakuandikia bila adabu, maana adabu ndiyo iliyotufikisha hapa.

Sikununua milima. Sikununua treni, treni ya hapa unaijua, inachelewa kila siku ya Mungu. Chumba cha nyuma, kile chenye jua la asubuhi ambalo sikuliulizia, dirisha lake linatazama dirisha lako. Nilipokuja kuiangalia nyumba mwezi Mei ilikuwa jioni ya mvua, taa yako ya kijani inawaka, nikakuona umeinama unasoma. Bi. Stansfield alikuwa akinieleza mambo ya kabati na sikusikia hata neno. Nilisema nainunua nikiwa bado dirishani. Nilikuwa na mpango mzima. Nikiona taa imewaka, najua umeamka. Nikiona haijawaka, nakuja na supu. Jumapili unakuja wewe. Nilipanga yote, Mjomba, ila kukuambia.

Sikukuambia kuhusu benki kwa sababu niliogopa kukuumiza. Kisha nikadhani umekasirika. Uliponiuliza kama ipo sababu ya wewe kubaki, sababu ilikuwa mimi, nayo niliiandika mara mbili na kuichana mara mbili. Niliona ni ubinafsi, mtu mzima kumwomba mzee apande ngazi kwa ajili yake. Ile barua niliyokutumia ilikuwa ya uongo kuanzia shikamoo hadi sahihi.

Jana usiku nililala chumba cha nyuma. Dirisha lako halina pazia wala taa, na wameshaweka bango la kupangisha. Asubuhi mtambo uligonga, nami nikakimbilia mlangoni. Uliniandikia kabisa kwamba si mgeni, na bado nilikimbia. Ngazi ya tatu ilinipata.

Makaa nimeyaweka kwenye kisahani dirishani. Sitayachoma. Mkate nimekula peke yangu, nao ulikuwa mzuri, na chumvi ilizidi kwa sababu zangu mwenyewe.

Maisha yangu yote nimekuwa nikiwaambia watu wasinifikirie. Nilimwambia mume wangu, akanitii. Nimekuambia wewe, ukanitii. Mjomba, nifikirie. Nakuomba. Niko peke yangu na sitaki kuwa peke yangu, na ningependa urudi.

Hester


Filey, 6 Oktoba

Mwanangu Hester,

Barua yako imenikuta nimekaa nikiitazama bahari. Bahari ni kubwa na haina la kusema.

Nimefanya kazi ya mikataba maisha yangu yote, na hii nyumba nimeipanga kwa miezi sita bila kifungu cha kujitoa. Mteja yeyote angenijia na karatasi ya namna hii ningemfokea. Nilitia saini jioni ile ile niliyopata barua yako ya Agosti, bila kuusoma mkataba, kwa sababu sikujali. Nimetoa neno langu, na mwenye nyumba ni mjane anayeitegemea kodi hii. Kwa hiyo niko hapa mpaka mwisho wa Machi. Utakuwa na baridi ndefu, nami pia. Nisamehe kwa hilo.

Lakini hakuna sheria inayozuia maandalizi, kwa hiyo pokea maswali yangu ya kabla ya mkataba. Soketi ya umeme ya chumba cha nyuma iko upande wa kitanda au wa dirisha? Nauliza kwa ajili ya taa, nimekuja nayo. Ngazi zina mahali pa kushika mkono wa kulia, kwani goti baya ni la kulia? Kuna ugomvi wowote na jirani wa kushoto, ambaye bado namdai mchezo wa drafti? Kuna nafasi ya kiti kimoja cha ziada, cha Harold, chenye kuhitaji jua? Na mwenye nyumba, yaani wewe, atavumilia redio kwa sauti ya kiziwi?

Orodha ya benki inataka watu wawili. Nimeona niliseme hilo, ingawa halikuulizwa.

Jibu kwa maandishi. Na Jumapili, kama una nafasi, njoo na treni hiyo inayochelewa. Nitakuwa stesheni tangu asubuhi.

Mjomba wako,
Aldous